Uhakiki wa Mbinu ya Ushuhudiaji katika Utafiti wa Unyago wa Wazaramo: Kibaha na Kisarawe

Katika tasnifu nyingi, ushuhudiaji hutajwa kwa aya moja baada ya usaili na hojaji, kwa maelezo kwamba humwezesha mtafiti kupata data kwa macho yake bila kutegemea masimulizi ya watoataarifa. Hoja hiyo ina ukweli, lakini inaacha swali la msingi: mtafiti aliruhusiwa kuona akiwa nani?

Swali hili lina uzito Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani, ambako Wazaramo ni miongoni mwa wenyeji. Kwa desturi yao, msichana aliyevunja ungo huwekwa ndani akawa mwali, na mafunzo yake huongozwa na wanawake. Ngoma ya kumtoa mwali huchezwa hadharani. Mafunzo yenyewe hufanyika faraghani. Hivyo, mtafiti mwanamume anayeandika kwamba alishuhudia unyago huenda aliona hatua ya mwisho tu, na yaliyotangulia akasimuliwa. Akiyaweka yote chini ya jina la ushuhudiaji, msomaji hawezi kupima uzito wa data.

Kazi ya Marja-Liisa Swantz inatoa mfano wa kulinganishia. Mtafiti huyo wa Ufini aliishi Bunju, kijiji cha Uzaramo kaskazini mwa Dar es Salaam, katika nusu ya pili ya miaka ya 1960. Tasnifu yake kuhusu miviga na ishara za Wazaramo, iliyowazingatia hasa wanawake, ilichapishwa mwaka 1970. Nguvu yake inatokana na muda aliokaa na nafasi aliyopewa miongoni mwa wanawake. Nafasi hiyohiyo ndiyo mpaka wake: si halali kuitumia kazi hiyo, kwa kiwango kilekile, kuwa ushahidi wa jando la wavulana. Wala yaliyoonwa Bunju hayawezi kuhamishiwa Kisarawe ya vijijini au Kibaha, mji wa barabara kuu ya Morogoro wenye wakazi wa asili mbalimbali, bila kuthibitishwa upya.

Swantz mwenyewe hakuishia hapo. Katika mradi wa Jipemoyo, ulioanza wilayani Bagamoyo mwaka 1975, wanakijiji walichukuliwa kuwa washiriki wa utafiti. Hatua hiyo inagusa udhaifu mkubwa zaidi wa ushuhudiaji wa kawaida, yaani anayetazamwa kukosa kauli juu ya kitakachoandikwa. Kungwi anayemruhusu mgeni kuingia ndani humruhusu kuona. Ruhusa hiyo haimaanishi kwamba ameridhia mafunzo ya mwali yasomwe na kila mtu.

Kwa hiyo, sura ya mbinu inapaswa kubainisha hatua zipi za unyago zilionwa na zipi zilisimuliwa, mtafiti alipokelewa kwa nafasi gani, na nani aliridhia kuchapishwa kwake. Bila maelezo hayo, neno "ushuhudiaji" linaipa data hadhi ambayo mtahini hana njia ya kuithibitisha.