Waliolala Kibera
Sensa ya 2009 ilihesabu watu 170,070 Kibera, na ile milioni moja iliyokuwa ikirudiwa kila ripoti ikaaibika. Tangu hapo tunaambiwa hesabu ilishinda porojo. Haya, milioni ilikuwa chumvi. Lakini sensa iliuliza nani alilala wapi usiku wa tarehe 24 Agosti. Usiku huo Soko la Toi, ukingoni mwa Kibera, ni mabati na walinzi tu. Njoo saa nne asubuhi: wauza mitumba waliotoka Kawangware, mafundi wa cherehani, mama chapo, wateja wakibishania shati la mia. Kwa sensa, hawa ni wa kwingine. Anayepanga vyoo vya Toi kwa idadi ya waliolala hapo atawajengea walinzi.