Fomu ya kupimia VVU na neno "shoga"



Mwaka 2008 tafiti mbili ziliwapima VVU wanaume wanaolala na wanaume wenzao jijini Johannesburg. Ule wa Soweto, ulioongozwa na Tim Lane, ulikadiria kwamba asilimia 13.2 wameambukizwa. Ule wa Laetitia Rispel na wenzake ukakadiria asilimia 49.5. Jiji moja, mwaka mmoja, na namba ya pili karibu mara nne ya ya kwanza! Zote mbili zilipata watu kwa mtindo wa rafiki kumleta rafiki. Hesabu hurekebishwa baadaye, sawa, lakini rafiki humleta anayemjua. Kwa hiyo anayenukuu namba moja na kuificha nyenzake, mimi simwamini.

Kwangu mimi, wa Soweto una funzo kubwa zaidi, maana uliwauliza watu wanajiitaje. Kati ya waliojiita gay, kama theluthi walikuwa na virusi. Waliosema wanapenda wanaume na wanawake, asilimia 6 hivi. Na wale waliojihesabu wanaume wa kawaida tu, wapenda wanawake? Karibu mmoja kati ya kumi. Hao wa mwisho hakuna bango la "mashoga njooni mpime" litakalowafikia.

Sasa tuje kwetu, maana Yeoville na Hillbrow Kiswahili kinazungumzwa, cha Wakongo na cha Watanzania. Sisi wafasiri tukikuta "gay" kwenye fomu tunaandika "shoga", tukaona kazi imekwisha. Jamani! Neno hilo pwani ni la mwanamke kwa mwanamke mwenziwe, rafiki yake. Likitumiwa kwa mwanamume, humtaja yule anayeingiliwa. Mwenzake ni basha, na basha ukimwuliza kama yeye ni shoga atakujibu hapana, wala hajasema uongo. Kwa jibu hilo moja tumewapoteza basha na mwenye mke nyumbani.

Hasara yake si ya kamusi tu. Zahanati za serikali ya Afrika Kusini zimezoea kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, na kisonono au klamidia ya koo au ya njia ya haja kubwa mara nyingi haina dalili yoyote. Asiyeulizwa vizuri hapimwi hapo, wala haambiwi habari za vidonge vya kujikinga na VVU, vilivyoidhinishwa nchini humo tangu 2015. Na mwaka 2025, Marekani ilipokata misaada, baadhi ya vituo vilivyowahudumia wanaume hawa Johannesburg vilifungwa. Wengi sasa watakutana na nesi wa kawaida mwenye fomu ya kawaida.

Najua kuna atakayesema jina ni silaha. Kweli kabisa. Simon Nkoli alijitangaza gay, akawa miongoni mwa walioandaa maandamano ya Johannesburg ya 1990, akaeleza wazi kwamba anaishi na VVU, mpaka alipofariki 1998. Lakini lile jina alijichagulia mwenyewe. La kwenye fomu mtu hubandikwa.

Basi fomu iulize tendo: "Miezi sita iliyopita umelala na wanaume, wanawake, au wote?" Kisha iulize kwa njia gani, na kama kinga ilitumika. Kiswahili chepesi, na basha atajibu.

Anayeona nimekosea kuhusu neno "shoga" huko kwao, hasa bara na Kongo, atuambie.