Zidaka na Jungu: Vyombo vya Nyumbani kama Hoja katika Fasihi ya Kiswahili

Ikisiri

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuviona vyombo vya nyumbani kama sehemu ya mandhari tu. Makala hii inadai kwamba vyombo hubeba hoja. Kwa kulinganisha Al-Inkishafi, Utendi wa Mwana Kupona, riwaya ya Kasri ya Mwinyi Fuad na methali chache za jikoni, inaonyeshwa kuwa kuna vyombo vya kutazamwa na vyombo vya kutumiwa, na kwamba kila kundi lina mtazamo wake kuhusu mali, kazi na utu. Makala inahitimisha kwa kupendekeza namna ya kuvifundisha vyombo hivyo kwa wasomaji walio mbali na pwani.

Utangulizi

Msomaji wa Kiswahili hivi leo si lazima awe mtu wa mwambao. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na nchini Uganda Baraza la Mawaziri liliidhinisha hatua kama hiyo mwaka 2022. Mwanafunzi wa Kigali au Kampala anapokabidhiwa utenzi wa kale wa Pate, anakutana na nyumba ambayo hajapata kuingia na samani ambazo hajapata kuzigusa. Mara nyingi husaidiwa kwa sherehe ya maneno mwishoni mwa kitabu: zidaka ni vishubaka vya ukutani, basi. Maana ya neno ameipata, lakini uzito wa kitu umempita. Swali ni hili: ni nini kinachopotea katika usomaji wa namna hiyo, na je, msomaji huyo hana chombo chochote chake anachoweza kuingia nacho katika fasihi hii?

Nyumba ya Pate: vyombo vya kutazamwa

Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa mwanzoni mwa karne ya 19, husifiwa kwa haki kama kilele cha tafakuri ya kidini katika ushairi wa Kiswahili. Mshairi anausemesha moyo wake na kuuonyesha magofu ya Pate ili uache kuihadaikia dunia. Ushahidi anaouleta ni wa samani: taa za kioo na za shaba zilizougeuza usiku kuwa mchana, vyombo vya kaure vilivyopangwa, vitanda vyenye mito ya kichwani na ya miguuni. Kisha vyote vinageuka. Mende wanavuma katika vyumba vya kati, bundi anakoroma, na zidaka zilizobeba sahani sasa zimekuwa viota vya makinda ya ndege.

Ili kuuelewa ukali wa picha hiyo, yafaa kujua nyumba yenyewe ilivyojengwa. Nyumba za waungwana wa Lamu na Pate zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zikabebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti hizo hazivuki mbali, vyumba vilikuwa virefu lakini vyembamba, upana wake ukiwa takribani mita 3. Mtu alipita kutoka daka la nje hadi kiwandani, kutoka kiwandani hadi misana, na mwisho akafika ndani, pahali pa faragha zaidi. Huko ndani ndiko ulikosimama ukuta wa zidaka, umenakshiwa kwa chokaa safu juu ya safu, na kila kishubaka kikiwa na chombo chake. Sahani za kaure zilivuka bahari kutoka China; ziliwekwa zionekane, si zote za kulia. Zilitangaza nasaba, biashara na staha ya nyumba. Kwa hiyo ndege anapotaga katika kidaka, kilichovunjika si rafu. Moyo wa nyumba, pahali ambapo mgeni wa kawaida hakufika, umekuwa wazi kwa kila kiumbe.

Hata hivyo, orodha ya mshairi ina jambo ambalo uhakiki umelipita haraka. Kando ya vitanda anawataja watu: wakandaji wa viungo, wapepeaji, na wanawake wa kutumbuiza hadi bwana asinzie. Wanatajwa katika mtiririko uleule wa mito na vitanda, kama sehemu ya mapambo ya usingizi. Nyumba inapoanguka, swali la wapi walipo linaelekezwa kwa watukufu wa Pate. Haliulizwi kwa ajili ya aliyeshika kipepeo. Sahani imepata maombolezo. Mkono ulioifuta haukupata.

Huenda ikapingwa kwamba utenzi huu ni waadhi, si historia ya jamii, na kwamba si haki kumdai mshairi asichokusudia kukitoa. Pingamizi hilo ni la kweli kwa upande wa mshairi. Mwenye kuonya juu ya mali huonyesha mali inayong'aa, naye alifanya hivyo kwa ustadi usio na mfano. Lakini halimwokoi mhakiki. Mhakiki anayerudia waadhi bila kuichunguza orodha huirithi orodha pamoja na ukimya wake, na kuwafanya wanafunzi waamini kuwa nyumba ya Mswahili ilikuwa kaure na shaba peke yake. Magofu yenyewe yanakataa. Katika machimbo ya akiolojia ya mwambao, kama yale ya Gedi yaliyoanzishwa na James Kirkman mwaka 1948, vigae vya kaure hupatikana, lakini vigae vya vyungu vya udongo vilivyofinyangwa papo hapo ndivyo vingi zaidi. Waliokula katika miji hiyo walipikiwa chunguni.

Chumba cha Mwana Kupona: chombo kama kitendo

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, unaingia katika nyumba ya aina hiyohiyo kwa mlango mwingine. Mtunzi alikuwa mgonjwa, naye anamuusia binti yake. Mafunzo yake juu ya utii wa mke yamezua mjadala mrefu, na mjadala huo haujaisha. Linaloonekana ukivifuata vyombo badala ya mafunzo ni kwamba hapa hakuna kinachokaa kidakani. Nyumba inafagiwa, udi unafukizwa, marashi yananyunyizwa. Kila kitu kipo pamoja na kitenzi chake. Thamani ya chombo ni ile kazi inayofanywa nacho kila siku, asubuhi na jioni, na anayeifanya anatambulika.

Tena, kabla ya udi na marashi, mama anamtaka binti ajongee na kuleta wino na cha kuandikia. Hivi navyo ni vyombo vya nyumbani mle. Vimo chumbani mwa mwanamke, karibu na kitanda cha ugonjwa, navyo vinatumika kama ufagio unavyotumika. Usomaji unaomwona Mwana Kupona kama mfungwa wa nyumba tu, au kama mlezi mtiifu tu, hauna budi kukieleza kidau hicho cha wino.

Kasri ya Shafi Adam Shafi inaifikisha hoja hii mbali zaidi. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), fahari ya nyumba inaonekana kupitia maisha ya Kijakazi, mtumishi anayeitunza. Jina lake ni jina la cheo cha utumwa. Mtu ameitwa kwa kazi yake kama chombo kinavyoitwa. Riwaya inamchukua yule aliyeachwa pembeni mwa kitanda katika utenzi wa Pate na kumweka katikati. Kung'aa kwa kasri kunaacha kuwa dalili ya neema na kuwa hesabu ya siku za mtu mwingine.

Methali za jikoni: vyombo vya kutumiwa

Vyombo ambavyo utenzi wa Pate haukuvililia vimehifadhiwa mahali pengine, yaani katika methali. Jungu kuu halikosi ukoko: ukoko haununuliwi, wala haupangwi kidakani, hupatikana kwa kupika. Jungu lisilopikiwa ni zuri pengine, lakini halina ukoko wa kumpa mtu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: methali hii inakataa mamlaka ya jicho, na kusema kwamba ujuzi wa samani ni wa ubavu. Nyumba njema si mlango: ilisemwa na watu waliozijua milango ya kuchongwa, wakaona haitoshi.

Yenye ukali kuliko zote ni ile isemayo kuwa mfinyanzi hulia gaeni. Kwa maneno matatu inauliza swali ambalo orodha ya Pate haikuliuliza: aliyekitengeneza chombo anakula ndani ya nini? Hii si tasnifu ya jikoni iliyo chini ya ushairi wa waungwana. Ni jibu kwa ushairi huo, nalo lilistahili kusomwa ukurasa mmoja nao.

Ni hapa ambapo msomaji wa bara anaacha kuwa mgeni. Jifya moja haliinjiki chungu, au figa moja, husema Waswahili. Mwanafunzi wa Kampala anayajua mafiga kama amasiga, na wa Kigali kama amashyiga. Kwa Baganda, essiga ni pia jina la tanzu kubwa ndani ya ukoo, kwa hiyo jiwe la jikoni tayari limekuwa fikra ya ujamaa. Mwanafunzi huyo hahitaji sherehe ya maneno ili aielewe methali. Anaweza hata kumfundisha mwalimu wake wa pwani jambo ambalo jiwe hilo linabeba kwingine.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba vyombo vya nyumbani katika fasihi ya Kiswahili haviko kimya. Kidaka kinazungumzia ukuu unaotazamwa, ufagio na wino vinazungumzia kazi inayojirudia, na gae linauliza nani amenufaika. Kuvifundisha kwa haki kunahitaji mambo mawili. Kwanza, chombo kielezwe pamoja na mahali pake, mtumiaji wake na anayekisafisha, wala si kwa kisawe kimoja. Pili, darasa la nje ya mwambao lianzie kwenye mafiga na chungu ambavyo linavijua, ndipo likwee hadi kwenye zidaka. Mwanafunzi aliyefika Pate kwa njia ya jikoni atauona uzuri wa kaure kama wengine wauonavyo. Tofauti ni kwamba atakapowaona makinda ya ndege kidakani, atamkumbuka pia aliyekuwa akikifuta.