Sahani ya Pili: Madijei wa Northern Soul na Simulizi za Mara ya Kwanza

Kuna aina moja ya simulizi ambayo haimo katika vitabu vyetu vya tanzu, na hata hivyo fani yake imekomaa kuliko baadhi ya zile tunazozifundisha kila muhula. Ni simulizi ya dijei wa muziki wa Soul anapokumbuka siku ya kwanza aliyosimama nyuma ya mashine mbili za santuri, mbele ya umati. Tumezikuta simulizi hizi katika vitabu vya kumbukumbu, magazetini, katika mahojiano ya redio na katika filamu, na kila tulipoongeza moja tulizidi kuamini kwamba zinastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki ngano na visasili. Hatusemi hivyo kwa nia ya kuupamba muziki wenyewe. Tunasema hivyo kwa sababu simulizi hizi zina ukweli wake na zina uongo wake, na uongo huo una kanuni.

Tutajifunga kwa madijei wa kaskazini mwa Uingereza, yaani wale wa muziki unaoitwa Northern Soul. Wasomaji wetu wengi huenda hawaufahamu, basi tueleze kwa ufupi. Katika miaka ya 1960 vijana wa miji ya viwanda walipenda mno muziki wa Wamarekani weusi wenye mwendo wa kasi, hasa ule uliofanana na wa kampuni ya Motown ya Detroit. Walikesha wakiucheza katika klabu ya Twisted Wheel mjini Manchester hadi ilipofungwa mwaka 1971. Huko Marekani kwenyewe mitindo ilikwisha kubadilika, lakini vijana hawa walikataa kubadilika nayo. Dave Godin, mwandishi aliyekuwa na duka la santuri London, aliona kwamba wateja waliotoka kaskazini walitaka mdundo ule ule wa zamani, naye ndiye aliyeupa muziki huo jina, akalichapisha mwaka 1970 katika jarida la Blues & Soul. Zikafuata Golden Torch huko Tunstall, ukumbi wa Highland Room wa Blackpool Mecca, na hatimaye Wigan Casino, iliyoanza mikesha yake Septemba 1973 na kuifunga Desemba 1981. Jengo lenyewe liliungua mwaka 1982, likabomolewa mwaka uliofuata.

Sasa tuitazame fani. Atakayesoma simulizi tano za mara ya kwanza ataweza kuitunga ya sita bila kutoka kitandani. Kwanza huja kasha. Kijana ana kasha la santuri ndogo za inchi 7, amelijaza kwa fedha za kibarua, na uzito wake huelezwa kwa mapenzi kuliko sura ya mtu yeyote. Kisha huja mlinzi wa kizingiti, dijei mkubwa au mwenye ukumbi, anayempa nafasi kwa dharau au kwa bahati: fulani hakufika, fulani amelewa, basi panda wewe. Mkono hutetemeka na sindano huruka. Halafu sakafu hubaki tupu. Hapo ndipo kijana anapochomoa santuri moja, ile aliyokuwa akiihofia, na watu wanarudi mbio kama waliosikia king'ora. Simulizi huisha asubuhi, nje, katika mwanga wa saa mbili, na kasha limekuwa jepesi.

Mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza atatambua hapa safari ya shujaa: chombo cha ajabu, mzee wa mlangoni, jaribio, ushindi, kurejea. Sisi pia tulipumbazwa na ufanano huo mwanzoni. Tulifurahi, kama wahakiki wanavyofurahi wanapokuta kufuli linaloingia ufunguo walio nao mfukoni. Lakini ufunguo ule haufungui mengi. Ukisema tu kwamba dijei ni mtambaji na wachezaji ni hadhira, umesema jambo la kweli lisilofaa kitu.

Profesa M. M. Mulokozi alitufundisha kuitazama fasihi simulizi kama tukio, lenye fanani, hadhira, fani, mahali na wakati vinavyoshikana. Tukiishika kanuni hiyo kwa makini tutaona tofauti moja kubwa. Mtambaji wetu husimulia ngano ambayo hadhira inaijua. Watoto wanajua kwamba Sungura atashinda, na furaha yao imo katika kungojea ashinde vipi. Hakuna anayemdai mtambaji ngano ambayo haijapata kusikika. Dijei wa Northern Soul anadaiwa mambo mawili yanayopingana. Wachezaji wanataka wimbo wanaoujua, maana miguu haizunguki kwa wimbo usioujua; wanajua ni wapi pa kupiga kofi, wapi pa kujirusha chini. Lakini heshima ya dijei hutokana na wimbo ambao hakuna mwingine aliye nao. Akipiga unaojulikana, yeyote angeweza kuupiga. Akipiga usiojulikana, sakafu inatoka watu. Na hana muda wa kutafakari, kwani nyimbo hizi nyingi hazifiki dakika 3.

Kwa hiyo sakafu tupu katika simulizi hizi si pambo. Ndiyo mahakama yenyewe. Hadhira hapa haiitikii "hadithi njoo". Inahukumu kwa miguu, na hukumu inaonekana na wote papo hapo. Wala si vijana wachanga tu waliohukumiwa. Katikati ya miaka ya 1970, Ian Levine wa Blackpool alipoanza kupiga nyimbo mpya mpya, baadhi ya wapenzi wa mdundo wa zamani walifanya kampeni ya wazi ya kumtaka aondoke, na yeye alikuwa miongoni mwa madijei wakubwa kuliko wote.

Jambo la lugha linatuhusu zaidi. Madijei hawa hawakuunganisha nyimbo kama wafanyavyo wa siku hizi. Wimbo uliisha, kukawa na pengo, na pengo hilo lilijazwa kwa sauti ya mtu kwenye kipaza sauti: jina la mwimbaji, jina la wimbo, labda neno moja la kuchochea. Ajabu ni kwamba katika simulizi za mara ya kwanza sauti hiyo haipo. Tunaambiwa mkono ulivyotetemeka, lakini ni mara chache tunaambiwa kijana alisema nini. Kwa maoni yetu hilo ndilo lililomtisha zaidi. Santuri ni kazi ya mwingine, hata ikikataliwa aibu inagawanyika. Sentensi ni yako peke yako, imetamkwa kwa lafudhi ya kwenu mbele ya watu elfu moja. Waalimu wenzetu mnaokumbuka somo la kwanza mlilofundisha mnaelewa tunachosema. Maandalio ya somo tunayakumbuka, lakini salamu tuliyoitoa tulipoingia darasani imetutoka.

Mwisho wa mkesha, kwa upande mwingine, unakumbukwa na kila mtu, kwa sababu ulikuwa na fomyula. Huko Wigan nyimbo tatu zile zile, za Tobi Legend, Jimmy Radcliffe na Dean Parrish, zilifunga mkesha kabla ya saa mbili asubuhi. Fomyula hiyo ilifanya kazi ile ile ya "hadithi yangu imeishia hapo": kuwaruhusu watu warudi katika maisha ya kawaida.

Tuje kwenye lile linalotukera. Madijei walikuwa na desturi ya kuficha majina. Mwenye santuri adimu aliifunika lebo yake kwa karatasi na kuipa jina la uongo, ili wapinzani wasiweze kuitafuta. Waendeshaji wa mitambo ya muziki wa Jamaika walikwisha kufanya hivyo katika miaka ya 1950, wakikwangua lebo kabisa. Katika simulizi jambo hili husimuliwa kama ujanja wa Sungura, na tukiri kwamba linachekesha. Lakini mwimbaji alikuwa mtu. Mfano maarufu ni wimbo "Do I Love You (Indeed I Do)" alioimba Frank Wilson kwa Motown mwaka 1965. Haukuwahi kuingizwa sokoni kwa kawaida, na nakala chache mno zilisalia. Ulipofika katika kumbi za Uingereza ulipigwa kwa jina la Eddie Foster. Mwaka 2009 nakala moja iliuzwa kwa zaidi ya pauni 25,000. Watu walicheza, walilia na wakampenda mtu huyo chini ya jina lisilo lake, na simulizi nyingi tulizozisoma hupita hapo bila kusita.

Kitenzi kinachotawala sehemu hiyo ni "kuvumbua". Dijei fulani aliuvumbua wimbo fulani, katika ghala fulani la Marekani, mwaka fulani. Sisi tunaoishi mwendo wa saa mbili tatu kutoka Jinja tunakifahamu kitenzi hiki. Speke alifika pale mwaka 1862 akavumbua chanzo cha Nile, mbele ya watu waliokuwa wakivua samaki humo. Hatutaki kuwafananisha vijana wa viwandani na Speke. Wao hawakuwa na bendera wala bunduki, na bila wao nyimbo nyingi zingeoza maghalani. Gloria Jones alirekodi "Tainted Love" mwaka 1964 bila mafanikio, na ni wachezaji wa kaskazini walioutunza hadi Soft Cell walipourekodi upya na kuufikisha kileleni Uingereza mwaka 1981. Kuutunza wimbo ni kazi njema. Ila anayetunza hana haja ya kusema amevumbua, na mhakiki asiyeuliza mwimbaji alikuwa wapi usiku ule hajamaliza kazi yake.

Na wanawake? Walijaa sakafuni. Nyuma ya mashine, katika simulizi hizi, majina yao ni machache mno, na hata yanapotajwa ni kwa kuandamana na mume au kaka. Hapa panahitaji makala yake.

Turudi kwenye ile santuri inayorudisha watu. Tuna shaka nayo. Hatusemi kila msimulizi anatudanganya. Tunachosema ni kwamba usiku wa saa kadhaa una nyimbo nyingi, na ni vigumu kuamini kwamba hatima ya kila kijana iliamuliwa na moja. Mwanahistoria Alessandro Portelli alionyesha, katika kazi yake juu ya mfanyakazi Luigi Trastulli wa Terni huko Italia, kwamba wasimulizi walikihamisha kifo chake kutoka mwaka 1949 hadi 1953 kwa sababu kifo kilistahili kutokea katika ugomvi mkubwa zaidi. Kosa la kumbukumbu lilikuwa na maana. Vivyo hivyo santuri ya wokovu: inawezekana ilipigwa wiki ya pili, au mwezi wa tatu, au na mtu mwingine. Imehamishwa kwa sababu mara ya kwanza bila ushindi haisimuliki.

Ndiyo maana tunazipenda zaidi zile simulizi chache zilizoharibika. Msimulizi anaanza vizuri, kasha, mlango, mkono, halafu anapotea. Anakumbuka harufu ya poda waliyomwaga sakafuni ili viatu viteleze. Anakumbuka kwamba hapakuuzwa pombe. Hakumbuki kama watu walicheza. Mwandishi wa habari hukata sehemu hizo, nasi hatumlaumu, kwani nasi tumezikata.

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wetu wa mwaka wa tatu alituletea mahojiano na mzee mmoja wa hapa Kampala aliyekuwa akipiga santuri za Soul na rumba katika kumbi za mitaani. Kazi ilikuwa ya somo la fasihi simulizi: kukusanya kumbukumbu moja na kuihakiki. Mzee alisimulia mara yake ya kwanza kwa sentensi mbili. Alipiga, watu wakatoka nje, akaendelea kupiga. Kisha akazungumza kwa muda mrefu juu ya jenereta iliyokopwa na mafuta yaliyomwagika kwenye suruali yake pekee nzuri. Tuliandika pembeni, kwa wino mwekundu, kwamba simulizi haina kilele na kwamba mkusanyaji hakuuliza maswali ya kutosha. Tulimpa alama 52.

Tangu tuanze kuzisoma simulizi za Wigan na Blackpool tumebadili hojaji tunayowapa wanafunzi. Sahani ya kwanza kila mtu anaikumbuka, kwa kuwa ameisimulia mara mia. Sasa tunawaagiza waulize ya pili ilikuwa ipi. Swali hilo halina jibu lililoandaliwa, na msimulizi hulazimika kurudi mwenyewe ukumbini kulitafuta.

Muhula uliopita tulikitoa kabatini kinasa sauti cha yule mwanafunzi ili tukitumie kama mfano darasani. Baada ya habari ya jenereta, ambapo nakala ya maandishi inaishia, mazungumzo yanaendelea kwa dakika 4. Mwanafunzi alikuwa amekwisha kumshukuru mzee. Mzee hakuwa amemaliza. Anasema alipoona ukumbi mtupu aliitoa sahani, akaifuta kwa shati, akaigeuza, akapiga upande wa nyuma, na kwamba mke wa mwenye ukumbi, aliyekuwa akifagia, aliacha ufagio akasikiliza hadi mwisho. Anautaja wimbo. Gari linapita na jina halisikiki. Tumeirudia sehemu hiyo mara nyingi, na alama bado ni 52, kwa sababu mwanafunzi amekwisha kuhitimu na daftari la matokeo limefungwa.