Uvimbe wa tezi ya adrenali: upasuliwe kwa njia ipi?

Tezi za adrenali ni mbili. Kila moja imekaa juu ya figo, na uzito wake ni gramu 4 au 5 hivi. Ugumu wa kuzipasua unatokana na mahali zilipo: nyuma kabisa ya tumbo, zimebanwa na mbavu na mishipa mikubwa. Tangu César Roux wa Lausanne mwaka 1926 na Charles Mayo wa Marekani mwaka 1927 walipotoa uvimbe wa aina ya feokromositoma, yaani uvimbe wa adrenali unaomwaga adrenalini, swali limebaki ni pa kuingilia.

Njia kongwe ni kupasua tumbo au ubavu wazi. Munganga anaona vizuri na mkono wake unafika, ila mgonjwa hubaki na kidonda kirefu chenye maumivu. Mwaka 1992 Michel Gagner, Montréal, alitangaza njia ya laparoskopi: mgonjwa hulazwa ubavu, hutobolewa matundu matatu au manne, tumbo hujazwa gesi, kamera huingia. Upande wa kulia ini huinuliwa. Kushoto wengu na mkia wa kongosho hulegezwa viangukie mbele. Kuanzia 1994 Martin Walz, huko Essen, aliendeleza njia ya mgongoni: mgonjwa hulala kifudifudi, vifaa hupita chini ya ubavu wa 12, matumbo hayaguswi. Hiyo humfaa aliyekwisha kupasuliwa tumbo au mwenye uvimbe pande zote mbili, kwani hageuzwi mezani. Lakini nafasi ni finyu, na uvimbe mkubwa hautoshi humo.

Kwa njia yoyote, mtihani ni mshipa mmoja: vena ya tezi yenyewe. Vena ya kushoto ni ndefu kiasi na humwaga damu katika vena ya figo. Ya kulia ni fupi, mara nyingi haifiki sentimita 1, nayo huingia moja kwa moja katika vena kava. Ukiivuta kwa pupa, vena kava huchanika. Hapo kamera huenda isitoshe. Ikishindwa, tumbo hufunguliwa mara moja.

Kwa hiyo uvimbe mdogo usio na dalili za saratani hutolewa kwa matundu. Unaozidi sentimita 6 hutakiwa kufikiriwa upya, na saratani iliyopenya jirani hufunguliwa wazi, kwani gamba lake likipasuka mbegu husambaa tumboni.

Katika mji wa Likasi, Kongo, hesabu inaongezeka: umeme, damu ya kuongezea, na mtaalamu wa nusukaputi. Hospitali isiyo na uhakika wa hivyo vitatu isijipime kwa kamera, na hata mpasuo wazi usianzwe. Mgonjwa apelekwe Lubumbashi, iliyo kilomita 120 hivi. Ila kazi iliyo muhimu kuliko mpasuo inaweza kuanzia Likasi: kwa feokromositoma, tansiyo hudhibitiwa siku 10 hadi 14 kabla kwa vidonge kama doksazosini, pamoja na maji na chumvi. Dawa za kuzuia beta hufuata baadaye tu. Zikitangulia, mishipa hubana na tansiyo hupanda zaidi. Asiyeandaliwa, uvimbe ukiguswa tu humwaga adrenalini na moyo kuyumba. Vena ikishafungwa, tansiyo huporomoka.

Barua ya rufaa basi itaje upande, ukubwa kwa skana, kipimo cha metanefrini (mabaki ya adrenalini), na tansiyo ya kulala na ya kusimama. Bila hayo, mpasuaji wa Lubumbashi hana msingi wa kuchagua njia yoyote.