Kivuli cha Grafu

Mara nyingi twaona wanafunzi wa sekondari wakiulizwa kikoa na upeo wa grafu, nao hutaja namba zote zilizoandikwa kandokando ya mchoro. Huko ni kupima fremu na kuiacha picha. Kikoa ni namba zile tu za mhimili wa chini ambazo mstari umepita juu yake. Upeo ni vimo vile tu ambavyo mstari umevifikia. Afadhali mtoto afikiri vivuli: jua la utosini huangusha kivuli cha mstari juu ya mhimili wa chini, nacho ni kikoa, jua la machweo hukitupa kivuli juu ya mhimili wa wima, nacho ni upeo.

Na tuitazame grafu ya maji ya Ziwa Viktoria, yaliyoanza kupimwa mwaka 1896. Kila siku ina kimo kimoja tu, ndiyo maana ni fankisheni. Kimo kimoja chaweza kurudi siku nyingi, wala si kosa. Aliyeisoma mwishoni mwa 1960 alikuwa na kikoa cha tangu 1896 hata 1960, na upeo wake aliweza kuusoma sawasawa. Kisha zikaja mvua kubwa za 1961, na kufikia 1964 ziwa lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2. Kipimo cha Jinja, Uganda, kilionyesha mita 13.41 juu ya alama yake ya sufuri, kimo kisichokuwamo katika upeo wa kwanza. Mei 2020 maji yakafika mita 13.42.

Je, grafu ilisema uongo? Hasha. Msomaji aliyetumaini upeo ule kwa miaka ya mbele ndiye aliyeongeza neno lisiloandikwa, maana upeo husema habari za kikoa chake tu.

Hapa ndipo tunapoyalaumu mafundisho yetu. Twampa mtoto alama kwa kuandika upeo, wala hatumwulizi ni upeo wa miaka ipi. Mtoto wa Kemondo au wa kisiwa cha Bumbire, atakapochagua kiwanja karibu na maji, atalihitaji swali hilo kuliko alama. Yule wa Injili aliyejenga juu ya mchanga yamkini aliuona ukavu wa siku chache, akaudhania kuwa wa siku zote. Basi, walimu wenzetu, tusikubali upeo wowote daftarini usioandikwa pamoja na kikoa chake.