Mfalme Asiyefungua Kinywa

Mfalme Duncan anaingia jukwaani, anapita, anakwenda kulala, anauawa. Hatamki neno. Ndivyo Giuseppe Verdi na mtunzi wake wa maneno, Francesco Maria Piave, walivyomfanya mwaka 1847 walipogeuza Macbeth ya Shakespeare kuwa opera. Aliyesoma Makbeth, tafsiri ya S. S. Mushi ya 1968, anajua kuwa mfalme huyo ana mengi ya kusema. Amenyamazishwa kwa nini?

Saa ndiyo sababu. Sentensi ya sekunde tano ikiimbwa, tena ikirudiwa, inaweza kula dakika nzima. Kwa hiyo fundi huanza na panga kabla ya kinanda. Piave alimfyeka bawabu mlevi, akamfyeka mke wa Macduff, Duncan akaachiwa muziki wa msafara tu. Wachawi watatu, kinyume chake, waliongezwa wakawa kwaya nzima ya wanawake iliyogawanywa makundi matatu. Aliyejua kukata alijua pia pa kunenepesha.

Mwaka 2014 Brett Bailey wa Afrika Kusini aliikata opera hiyo upya na kuihamishia mashariki ya Kongo. Waigizaji wakimbizi wako Goma, wanakuta sanduku la noti za muziki na mavazi ya enzi ya ukoloni, wanaamua kusimulia habari za mbabe wa kivita. Fabrizio Cassol aliupunguza muziki ukatosha wapigaji 12. Barua ya Macbeth kwa mkewe, ambayo kwa Verdi husomwa bila kuimbwa, ikawa ujumbe wa simu. Kwaya ya wakimbizi wa Scotland, iliyomo katika opera ya Verdi, haikuhitaji kulazimishwa; Goma inawajua watu wa namna hiyo.

Ila wachawi wakafungamanishwa na kampuni ya madini, na hapo mimi nasita. Mchawi akishakuwa na hesabu zake za faida, Macbeth anapata wa kumsingizia.

Waimbaji wa Bailey walibaki na Kiitaliano. Kiswahili kingeweza kuimbika vilevile, kwani lugha zote mbili hupenda kumalizia neno kwa irabu na kukazia silabi ya pili kutoka mwisho. Lakini kuna mitego. Noti ndefu ikiangukia “mu” ya “damu”, sikio linakereka. “Tamaa”, neno lenyewe la mchezo huu, ina silabi tatu. Mtunzi akizibana “a” mbili za mwisho katika noti moja fupi, mwimbaji atatoa “tama”, na msikilizaji wa Katesh, wilayani Hanang, atamwona Makbeth ameshika shavu badala ya upanga.

Mbulu na Hanang hakukosi kwaya za kuibeba kazi kama hii, na Wairaqw wa huko wanao mtindo wa kuisimamisha: katika slufay, mzee huongoza na waliohudhuria huitikia. Slufay ni sala. Maneno yake yaachwe yalipo, iazimwe njia yake tu. Ningekuwa mimi natunga, Duncan angebaki na kimya chake. Makbeth angeongoza, umati ungeitikia, na kila baada ya mauaji sauti ya waitikiaji ingepungua kidogo. Kisha ifike karamu, mzimu wa Banquo, mmoja wa waliouawa, umekalia kiti, Makbeth anapaza sauti kuongoza, anangoja, na hakuna anayeitikia.